Akina Mama wa Pazia

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye mashindano ya kuogelea ya watoto, hapa Nairobi ninakoishi siku hizi. Sijapata hata pa kukaa, akaja mtu na fulana ya rangi ya chungwa akaniuliza kama ningeweza kusaidia. Nikakubali. Nikapewa saa ya kupimia muda, kiti chenye mto, kofia, maji baridi na mkate wenye kuku ndani, na msichana mmoja akawa anapitapita kuuliza nani amechoka ili apokewe. Ilipokaribia adhuhuri mtangazaji akasimamisha kila kitu, akaomba watu wote wasimame wawapigie makofi wazazi waliojitolea. Wakasimama kweli. Wakapiga makofi hadi wenzangu wakaanza kupunga mikono na kucheka. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa na sikuwa na maneno mafupi ya kumweleza mtu.

Maneno yenyewe ni marefu. Wewe kaa, nikupe yote.

Unajua nilikulia Iftin, pale Garissa, wakati mji ulikuwa bado makao makuu ya mkoa na kaunti hazijaja. Asubuhi zetu zilianza kwa mlio wa uji wa anjera, zile chapati zetu za maji, ukimwagwa kwenye kikaango cha moto, shaa, shaa, nyumba hadi nyumba, kisha magurudumu ya mkokoteni wa punda ulioleta maji. Kazi yangu ilikuwa kufungua lango, kupokea mitungi na kuipanga kivulini kabla jua halijaipata. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa na kibanda cha nguo sokoni. Aliuza baati, yale magauni mapana mepesi ya kuvaa nyumbani, na vitambaa vya kila rangi kwa mita. Nyumba yetu yote ilinuka nguo mpya na uvumba. Ayeeyo, mama yake mama, aliishi nasi tangu ukame ulipomaliza wanyama wake kule Eldas. Alikuja mjini na kijiti chake cha kupigia mswaki na mazoea ya kuamka kabla ya kila mtu, basi.

Mto Tana hauko mbali na mjini. Una rangi ya chai ya maziwa, na mtoto wa Garissa hukua akiambiwa asiukaribie kwa sababu ya mamba. Kilichotupata sisi hakikuwa mamba. Ilikuwa msimu wa mvua nyingi, mto umevimba, na msichana mmoja wa darasa lililotutangulia alikwenda kuchota maji na dada yake. Ukingo ukameguka chini ya miguu yao. Dada mtu alishika mizizi, akaokoka. Yule mwingine alipatikana mbali sana huko chini, baada ya siku kadhaa. Shule nzima tulikwenda msibani, tukaketi kwenye mikeka, na nakumbuka hakuna mtoto aliyethubutu kuomba maji ya kunywa.

Tulikuwa na mwalimu wa kike wa Kiswahili na michezo, kijana bado, kutoka chini. Chini kwetu ni kule kwingine kote kwa Kenya, ukishavuka daraja. Katika mkutano wa wazazi uliofuata alisimama akasema wasichana wafundishwe kuogelea, kwani anayeweza kuelea dakika chache anaweza kufikiwa na mtu. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina na sauti ya kuita ngamia, akasema jambo hilo litaangaliwa, na sote tulijua maana yake. Hapo hooyo, ambaye hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, akauliza akiwa amekaa:

“Nani ataona wao?”

“Hakuna mwanaume atakayewaona, mama,” mwalimu akajibu. “Nitafundisha mimi mwenyewe.”

“Na ukuta?”

Ukuta ulihitaji pesa, na shule haikuwa nazo.

“Basi mimi naleta nguo,” hooyo akasema.

Nyumbani ayeeyo alishangaa. “Sisi tulitembea kutwa kufuata maji,” alituambia kwa Kisomali, “na yakipatikana tuliyanywa kwa adabu. Ninyi mnataka kuyarukia kwa miguu.” Lakini Jumamosi ilipofika alikuwa wa kwanza mlangoni, amevaa ndala zake, akidai anakwenda tu kuhakikisha hatufi.

Kulikuwa na hoteli moja upande wa mtoni iliyokuwa na bwawa. Mwenyewe alilichimba akitarajia wageni ambao hawakuja, na maji yalikuwa yamegeuka kijani. Akasema tukilisafisha tutalitumia Jumamosi asubuhi. Akina mama walilisafisha. Waliteka vyura kwa chujio la chai, wakasugua kuta kwa fagio na sabuni ya unga, wakachanga dawa ya kutia majini. Harufu ile ya dawa ikichanganyika na sambusa zinazokaangwa uani, hata leo nikiisikia mahali popote nasimama.

Kisha wakaweka pazia. Hooyo alitoa vitambaa vya kibandani, wengine wakaleta shuka na garbasar, yaani mitandio yao mikubwa, za zamani, na jirani yetu, fundi cherehani mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akaviunga vyote hadi vikawa kitambaa kimoja kirefu chenye maua ya kila aina. Pande tatu za bwawa zilikuwa na nguzo na ukuta wa kufungia kamba. Upande wa nne ulitazama baraza la mkahawa, sakafu yote vigae, hakuna pa kuchimbia nguzo. Upande huo akina mama walishika kwa mikono. Walisimama bega kwa bega, wameupa mkahawa kisogo, mikono juu, na kitambaa nyuma yao kama ukuta. Mmoja akichoka alimwita mwenzake, “Abaayo, nipokee,” yaani dada, na huyo alikuja akifuta unga wa sambusa mikononi.

Ndani ya ukuta ule tulijifunza kuelea. Mwalimu aliweka kiganja chini ya mgongo wa mtu, akasema, “Tumbo juu. Angalia mbingu. Usinitazame mimi, mimi si mbingu.” Tulivaa suruali ndefu na fulana za mikono mirefu ambazo jirani alitushonea kwa kitambaa kinachovutika, na kofia za kushika nywele. Binti yake ndiye alikuwa samaki wetu. Mimi nilikuwa wa katikati, wa kupiga maji mengi na kwenda hatua chache.

Mwaka wa pili mwalimu akaandaa mashindano. Shule mbili za mjini zilikuja, na moja ya kutoka chini kabisa ilikuja kwa basi, wasichana wao wakiwa na miwani ya majini na mavazi yanayong’aa. Walikuja na mama zao pia, na msimamizi wa mashindano, mama mrefu mwenye filimbi shingoni na kofia nyeupe, aliyewahi kusimamia mashindano makubwa. Tulimwogopa kabla hajafungua kinywa.

Siku ile ilianza vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo nyumba zote zilipaka hina kama ya harusi. Akina mama walikuwa hotelini tangu alfajiri, wamefagia, wamefunga kamba, wamepanga viti vya plastiki chini ya hema, na chupa za chai ya maziwa ya ngamia zimejipanga mezani. Watu walipoanza kukaa ndipo mambo yakaonyesha sura yake. Ayeeyo alijivutia kiti, na mmoja wa waliokuja na basi akamwambia kwa upole, “Mama, hivi ni vya wageni.” Ayeeyo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, akadhani anakaribishwa, akatabasamu na kukaa. Wakamrudia. Mara ya pili alielewa. Akainuka, akaenda kushika pazia pamoja na wengine, katika umri ule.

Jua la Garissa unalijua. Saa nne ya asubuhi vigae vilikuwa vimeshaanza kuchoma nyayo. Soda zilipita chini ya hema, zikarudi kreti tupu. Chai ya akina mama ilinywewa na wageni, sambusa zikasifiwa, na hakuna aliyewapelekea waliosimama kwenye pazia hata bilauri ya maji. Kila kitambaa kilipolegea kidogo, msimamizi alipuliza filimbi. “Akina mama wa pazia! Inueni hapo!” Ikawa ndilo jina lao. Mama wa pazia, sogea. Mama wa pazia, mtoto wako analia, mnyamazishe. Mwalimu wetu alikuwa akikimbia huku na huku, jasho linamtiririka, na nadhani hakuona.

Hooyo hakuwa kwenye pazia. Yeye na wengine wachache walipewa saa za kupimia muda, kila mmoja mwisho wa mstari wa mtoto asiye wake. Mwalimu alikuwa amewafundisha Jumamosi nyingi. Hooyo aliivaa ile saa shingoni juu ya garbasar yake ya buluu, na kila mbio zilipoanza aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

Mbio kubwa za siku zilikuwa za urefu wa bwawa, kwenda na kurudi. Mstari wa hooyo ulikuwa wa binti wa jirani. Mstari wa pembeni ulikuwa wa msichana wa kutoka chini, mrefu, mwenye miwani ya kijani. Walikwenda sawa, wakageuka sawa, wakarudi maji yanaruka hata hatukuona nani ni nani. Wakagusa. Msimamizi akauliza, “Nani wa kwanza?”

“Huyu yangu,” hooyo akasema. “Mkono ya huyu imegusa mbele.”

Mwenye saa ya mstari wa pili, mama wa shule nyingine, akasema yeye hakuwa na hakika. Hapo mama wa yule msichana mwenye miwani akainuka kutoka hemani. Alikuwa ameshika soda.

“Huyu mama anajua kweli kusoma saa?” akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. “Tumesafiri kote huko kuja kuibiwa na watu wa pazia?”

Nadhani hooyo alikuwa anatafuta Kiswahili. Kisomali angekuwa nacho cha kutosha.

“Madam, mimi sema kitu macho yangu iliona...”

“Mama, leta hiyo saa,” msimamizi akamkatiza, mkono umeshanyooshwa.

Hooyo akainua kamba shingoni. Ikanasa kwenye pini ya garbasar. Akavuta, ikakataa, akavuta tena, na nguo ikasogea nywele zikaonekana kidogo pembeni. Msimamizi hakumsaidia wala hakuushusha mkono. Alisubiri. Watu wote walisubiri. Saa ilipotoka, msimamizi akampa msichana mmoja wa hoteli aliyekuwa akipita na sinia, ambaye hakuwahi kuishika saa kama ile, na hooyo akarudi nyuma, akaenda kusimama kwenye pazia upande wa ayeeyo, akainua mikono.

Nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu majini, nikisubiri mbio za kupokezana. Nilijisikia moto wa ajabu masikioni. Nilitaka kufanya kitu, na umri wa miaka kumi na kitu hauna kitu cha kufanya. Niliuma taulo.

Wa kufanya kitu alikuwa jirani. Aliachia ncha yake ya pazia kwa mwenzake, akaja hadi ukingoni, akapiga makofi mara moja.

“Wasichana, tokeni maji. Wote. Faeni nguo, mbaka kichwa.”

Ile sauti haikuwa ya kuulizwa. Tulitoka, sisi na wageni, tukavaa buibui juu ya nguo zenye maji, wageni wakajifunga mataulo na shuka tulizowapa. Jirani akazunguka akatukagua mmoja mmoja, akamfunika vizuri msichana mwenye miwani ya kijani, akamfunga fundo kifuani. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Dada zangu, shusheni. Tumechoka.”

Pazia likashuka. Wakalikunja vizuri, wakalitandika kivulini, wakakaa juu yake. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeondoka. Jirani akafungua chupa ya chai iliyobaki akaanza kumimina.

Upande wa pili, kwenye baraza la mkahawa, baba zetu na dereva wa basi waliona ukuta umetoweka ghafla. Ungewaona! Walishikwa na hofu kuliko mtu yeyote. Waligeuza viti kwa haraka wakatupa migongo, dereva akajifunika uso kwa gazeti, na mwenyekiti, aliyekuwa na kipaza sauti chake, akaanza kuuliza akitazama barabarani:

“Huko ndani kuna nini? Mbona bazia imeanguka?” Akakigonga kipaza sauti. “Kama imeshindikana, sema imeshindikana, watu wende nyumbani. Mimi nilisema toka mwanzo!”

Hilo ndilo lililotutia baridi. Kila mtu ndani alijua kuna wazee waliokuwa wakingoja sababu. Siku ile ikivunjika, Jumamosi zetu zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda nikachutama karibu na hooyo.

“Hooyo, mbio zetu bado.”

“Najua.”

“Zitakuwepo?”

Alinisogezea kikombe chake, ninywe. “Zikiwepo utaogelea,” akasema. “Zisipokuwepo, umeshajua kuelea. Hilo hawawezi kukunyang’anya.”

Mwalimu alikuja. Alivua viatu, akakaa chini kwenye kitambaa kati ya hooyo na ayeeyo. Jirani akampa chai, akaipokea.

“Mama zangu, mniwie radhi,” akasema. “Niliwaita, mkaja. Halafu nikawaacha juani nikahangaika na wageni. Hata maji sikuwapa.”

“Wewe iko mtoto,” jirani akamwambia. “Wewe nakimbia toka asubuhi, sisi naona. Si wewe.”

“Basi niambieni mnataka nini. Nimwambie arudie mbio? Aombe msamaha?”

Msimamizi alikuwa ameshafika nyuma yake, filimbi mkononi. Kwa karibu sikumwona mrefu kama asubuhi. “Nirudishe saa?” akamuuliza hooyo. Hakuuliza kwa ukali, ila haikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuuliza.

Hooyo akatikisa kichwa. Akaweka mkono begani kwa ayeeyo.

“Saa si maneno,” akasema. “Huyu ni mama yangu. Nashika nguo toka jua natoka, ndio watoto yenu waogelee. Yeye nataka kiti.”

Ayeeyo alisikia neno moja tu, kiti, akalikumbuka. “Kiti,” akarudia, akimtazama msimamizi machoni, kama mtu anayejifunza lugha.

Msimamizi akaiachia filimbi ining’inie shingoni. Kisha akaenda chini ya hema, akachukua kiti chake mwenyewe, kilichowekwa mito miwili, akakileta juu ya kichwa kama mtu anavyobeba mzigo sokoni. Akamshika ayeeyo mkono, akamkalisha. Akaenda tena, akarudi na maji. Halafu akageuka kwa wageni waliokuwa wametulia kama wako msibani.

“Wazazi tuliokuja na basi,” akasema. “Tusimame. Tunashika pazia.”

Walisimama, wengine upesi, wengine kwa kujivuta. Wa mwisho kabisa alikuwa yule mwenye soda. Aliiweka chini, akaja, akashika ncha. Wakainua. Kitambaa kile kilikuwa kizito, tena kimelowa maji ya watoto, na haikuchukua muda tukasikia, “Jamani, mikono! Kumbe hivi!” Jirani alicheka kile kicheko chake hadi chai ikamwagika, na nilivyoona mimi, mwenye soda naye akacheka, akiwa amefinya macho kwa jua.

“Mama, saa yako,” msimamizi akasema tena.

“Nakuja,” hooyo akamjibu. “Baada ya chai.”

Na alimaliza kikombe, sitanii, bila haraka yoyote.

Mbio zikarudiwa. Msichana mwenye miwani ya kijani alishinda, wazi kabisa, binti wa jirani akiwa amechoka. Msimamizi akauliza, na hooyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyooshea mkono yule mgeni. “Huyu.” Jirani hakulipenda. Kwa siku kadhaa alipita mlangoni kwetu akisalimia ukuta, hadi alipohitaji kuazima sufuria kubwa ya sherehe, akaingia kama kwamba hakuna lililokuwa. Sisi wa kupokezana tulikuwa wa mwisho. Nilimeza maji mengi, nikagusa ukuta wakati wenzetu wameshajifuta, na nilifurahi kuliko walioshinda.

Jioni mwenyekiti alitoa shukrani kwa kipaza sauti, kutoka huko nje. Alimshukuru mwenye hoteli, akamshukuru msimamizi, akawashukuru wageni, dereva wa basi, na askari wa lango. Tukangoja. Tulimsikia mwalimu akimnong’oneza kitu. Mwenyekiti akakohoa. “Na wengineo,” akasema. Ndani, akina mama waliangua kicheko. Tangu siku hiyo walijiita Wengineo. Ukimkuta hooyo anafunga kibanda mapema, ukamuuliza anakokwenda, anakujibu ana mkutano wa Wengineo.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kuhusu zile mbio za kwanza, kama kweli alimwona binti wa jirani akigusa mbele. Alikuwa anakata kitambaa, mkasi mkononi. “Niliona mkono,” akasema. “Labda niliona mkono niliotaka kuuona. Lakini alinivua saa bila kuniuliza.” Akaendelea kukata.

Ilikuwa hivyo kwa miaka michache, Jumamosi kwa Jumamosi. Kisha walimu wa kutoka chini wakaanza kuondoka kwa kuhofia usalama wao, mmoja mmoja halafu wengi pamoja, na mwalimu wetu akahamishwa naye. Alilia kituoni, na akina mama walimpakia sambusa za kumfikisha nchi ya pili. Aliyekuja baada yake alipenda mpira wa wavu. Hoteli ikabadilisha mwenyewe, bwawa likajazwa kifusi, juu yake pakajengwa ukumbi wa harusi. Nimeshacheza harusi ya binamu yangu pale, nikijaribu kukisia nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa ngapi. Ayeeyo alitutoka, Mungu amrehemu. Jirani alimfuata binti yake ng’ambo, kwenye theluji, na mmoja wa Wengineo aliolewa tena Wajir. Baadhi sijui waliko. Mamba wa Tana bado wapo, na mto bado huja kila mvua zinapokuwa nyingi, na mimi sijasikia kwamba kuna shule yoyote pale mjini inayofundisha wasichana kuelea.

Nikiwasimulia wenzangu wa kazini hawaamini. Wananiuliza, Garissa? Wasichana? Wanataka picha. Sina, kwa sababu kamera zilikatazwa ndani ya pazia, na hilo lilikuwa sharti la akina mama wenyewe. Picha ya siku ile ipo moja tu, iliyopigwa kutoka nje. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliituma kwenye kikundi chetu cha simu mwaka jana, aliipata katika ofisi ya shule. Inamwonyesha mwenyekiti katikati, kipaza sauti mdomoni, baba zetu wamekaa kushoto na kulia kwake kwenye viti, kila mmoja na chai yake. Nyuma yao kuna ukuta wa maua, mrefu, unatoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Ukikuza sana, juu ya kitambaa, mstari mzima, utaona vidole. Vidole tu, vimeshika. Nimeikuza mara nyingi nikitafuta vya hooyo na vya ayeeyo, lakini wote walikuwa wamepaka hina kwa ajili ya siku ile, na siwezi kusema vipi ni vya nani.